Kabla Zege Halijamwagwa

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mlioketi hapo mbele, wahandisi, na ninyi vijana ambao pilau ya mchana imeshaanza kuwafumba macho: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Mada iliyoandikwa kwenye ratiba ni ndefu hata mwenyekiti amepumua mara mbili akiisoma. Nitaikata. Nimekuja kuzungumzia shimo. Shimo linalochimbwa pale jengo la kinu cha nyuklia litakaposimama, na mtu mmoja anayeshuka humo na dira, nyundo, ubao wa kuchorea na kofia ngumu, achore anachokiona kabla hakijafunikwa. Kwenye bajeti ya mradi kazi yake haionekani hata kwa miwani. Lakini baada ya miaka thelathini, watu wakianza kuulizana kuna nini chini ya kile kinu, alichochora yeye ndicho kitakachoulizwa.

Nianze na langu, ambalo halikuwa la nyuklia. Nilikuwa kijana, nina miaka miwili tangu nimalize chuo, nimepelekwa kwenye ujenzi wa bwawa. Bwawa gani na la nani, tuyaache. Kazi yangu ilikuwa kuchora sakafu ya mtaro wa msingi. Asubuhi foremani akanifuata: "Mjiolojia, una mpaka saa nane. Magari ya zege yameshapangwa." Nikashuka. Sakafuni nikaona utepe wa udongo laini wa kijivu, unene wa vidole viwili, umekatiza mwamba kutoka ukingo mmoja kuelekea wa pili. Nikapima mwelekeo wake, nikapima mwinamo, nikapiga picha tatu, na ya tatu ikaharibiwa na kivuli changu mwenyewe. Saa nane na robo zege likamwagwa.

Miaka sita baadaye maji yakaanza kuvuja chini ya ukuta. Nikaitwa, na swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa jepesi kabisa: ule utepe uliishia wapi? Nikafungua daftari. Mchoro wangu uliishia kwenye dimbwi. Siku ile pampu ilikuwa imekufa, theluthi moja ya sakafu ilikuwa chini ya maji, nami nilichora hadi ukingo wa maji nikaacha. Sikuandika hata kwamba nimeacha. Tukatoboa visima kumi na kimoja kutafuta kitu ambacho niliwahi kusimama juu yake kwa viatu vyangu. Uvujaji ulizibwa hatimaye, kwa kusukuma uji wa saruji ardhini mwezi baada ya mwezi, na bwawa liko salama. Lakini nilijifunza kuogopa saa nane na robo.

Sasa mhandisi hapo atasema: mzee, si tulishatoboa visima vya uchunguzi kabla ya kuanza? Ripoti ipo, imejalidiwa vizuri. Tufanye hesabu ndogo. Chukua kiwanja cha mita 100 kwa 100, kikubwa kuliko uwanja wa mpira. Toboa visima kumi na sita, kimoja kila mita thelathini na kitu. Kila kisima kinakuletea mchi wa mwamba wenye kipenyo cha sentimita sita hivi. Isimamishe michi yote kumi na sita pamoja, utazame ncha zake kutoka juu. Eneo lake lote halijazi karatasi moja ya A4. Kwa hiyo umesoma karatasi moja, ukaandika ripoti ya hekta moja.

Halafu kuna jambo la pili. Mipasuko mingi inayotutia hofu husimama karibu wima, na kisima nacho hushuka wima. Vinaweza kupita sambamba mpaka chini kama majirani wasiosalimiana. Ndiyo maana tunatoboa na visima vya kuinama, na vinasaidia. Hata hivyo, mara ya kwanza na ya mwisho kwa binadamu kuuona msingi wote kwa macho ni ile siku shimo limefika kina chake na zege halijafika.

Hapa niweke maneno sawa, maana tunayachanganya. Nikisema ufa, nina maana ya mwamba uliopasuka tu, pande zake mbili hazijapishana. Mwamba wowote una nyufa. Nikisema mpasuko, nina maana ya mahali ambapo upande mmoja umeteleza ukaacha mwenzake. Ufa unamtia wasiwasi mtu wa maji na mtu wa uzito. Mpasuko unamtia wasiwasi kila mtu. Mtikiso wa tetemeko unaweza kuuhesabia: ongeza nondo, nenepesha kuta, weka pedi za mpira. Koeberg, kule Afrika Kusini, vinu viwili vimekaa juu ya bamba la zege lililolala kwenye pedi za namna hiyo, kwa kuwa Cape Town ilitikiswa vibaya mwaka 1809 na waliosanifu hawakusahau. Lakini pedi ni dawa ya mtikiso. Ardhi ikichanika chini ya jengo, nusu ya msingi ikaenda huku na nusu kule, sijui pedi ya kuishona.

Ndipo nifike Bodega Head. Ni rasi ndogo ya mwamba wa jamii ya graniti, kaskazini mwa San Francisco, California. Kampuni ya Pacific Gas and Electric ilitaka kujenga kinu pale, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 mipango ilikuwa imeiva. Mpasuko wa San Andreas unapita jirani mno: ukanda wake uko mamia machache tu ya mita kutoka lilipopangwa jengo. Huu ndio ule ulioteleza mwaka 1906, San Francisco ikaanguka na kuungua, na sehemu nyingine kaskazini mwa jiji barabara iliyoukatiza ikajikuta imeachana kwa mita kama sita. Kampuni ilikuwa na hoja yake, na haikuwa ya kipuuzi. Mpasuko mkuu uko kando, sisi tuko juu ya mwamba mzima, tutajenga kwa nguvu ya kuhimili mtikiso.

Wakachimba. Shimo la duara, refu kuelekea chini, la kuwekea kinu. Mwaka 1963 wajiolojia wa idara ya jiolojia ya serikali, Julius Schlocker na Manuel Bonilla, wakawa wanachora kuta zake. Wakakuta mpasuko ndani ya shimo lenyewe. Haukuwa San Andreas, ulikuwa mdogo, lakini ulipita pale pale kinu kilipotakiwa kukaa. Na haukuishia kwenye mwamba. Ulipanda ukaingia kwenye mchanga na udongo uliolala juu ya mwamba, ukauhamisha nao. Vijana, tulieni hapa kidogo, maana ndipo utamu ulipo. Mpasuko ulio kwenye mwamba peke yake unaweza kuwa na umri wa dinosaria. Ukishakata tabaka la juu, umejitaja umri: umesogea baada ya tabaka hilo kulala. Mchanga ule ulikuwa mchanga kwa hesabu za jiolojia, nikiruhusiwa utani.

Kampuni haikukata tamaa. Ikaja na usanifu mpya, jengo lizungukwe na tabaka laini ili ardhi ikisogea, jengo libaki na nafasi ya kucheza. Kamati ya washauri wa tume ya nishati ya atomiki ikasema inawezekana. Wataalamu wa tume yenyewe wakasema hapana, kitu hiki hakijawahi kujaribiwa popote. Huo ulikuwa Oktoba 1964, miezi saba tu tangu tetemeko kubwa la Alaska la Machi mwaka huohuo, lenye ukubwa wa 9.2, kuwakumbusha watu ardhi inaweza nini. Siku chache baadaye kampuni ikajiondoa. Shimo likajaa maji, na leo ni bwawa dogo ambako watu huenda kutazama ndege. Wenyeji wakalibandika jina la utani. Kwa lugha yao neno la rasi na neno la kichwa ni moja, basi wakaliita tundu la kichwani. (Kicheko.)

Niseme ukweli: walioizuia Bodega si wajiolojia peke yao. Kulikuwa na wavuvi, wafugaji, wanaharakati walioachia mabaluni yapeperushwe na upepo ili watu waone mionzi ingefika wapi. Watu walikuwa wamesema kwa miaka. Lakini mchoro wa ukuta wa shimo ulikuwa kitu ambacho hata asiyewapenda wanaharakati ilimlazimu akijibu.

Baada ya hapo mambo yaliandikwa. Mwaka 1973 Marekani ikatoa kanuni za jiolojia na matetemeko kwa maeneo ya vinu, na humo ndimo ilimoingia ile tafsiri ambayo wengi wenu mmekariri kwa mtihani: mpasuko wa kuhofiwa ni ule uliosogea karibu na uso wa ardhi angalau mara moja katika miaka 35,000 iliyopita, au zaidi ya mara moja katika miaka 500,000. Japani siku hizi wanarudi nyuma miaka 120,000 hadi 130,000, na ushahidi ukiwa hafifu wanakwenda mbali zaidi. Na mwongozo wa Marekani unataka mashimo ya msingi yachorwe kwa kina, na mdhibiti aarifiwe shimo likiwa wazi ili aje alione mwenyewe. Leseni ya vinu viwili vipya vya kituo cha V.C. Summer, kule South Carolina, iliyotoka mwaka 2012, ililiweka hilo kama sharti. Mradi wenyewe uliachwa mwaka 2017, kwa mambo ya fedha, si ya mwamba.

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Nitakaa hapa, mwenyekiti akikohoa nitaelewa.

Kwanza ni usafi. Mwamba mchafu hausemi. Mnashuka na mpira wa maji, na hewa ya kompresa, na fagio, na brashi ya waya, na mwiko wa fundi kwa ajili ya pembe. Vibarua wanashangaa: huyu bwana anataka tufagie shimo? Ndiyo, lifagieni kama ua la bibi arusi. Meno ya ekskaveta huacha mikwaruzo inayofanana kabisa na mikwaruzo ya mpasuko ulioteleza, na baruti huacha nyufa zinazofanana na nyufa za asili. Nimeona kijana mmoja akiamka usiku kuandika barua ya dharura kwa sababu ya mikwaruzo ya ndoo. Ukisafisha, utaona: ufa wa baruti ni mpya, hauna kutu, hauna udongo ndani, na mara nyingi unatawanyika kutoka kwenye tundu la kulipulia. Ufa wa zamani una madoa, una mizizi, una kitu kimeganda humo.

Kisha watu wa vipimo wanakuja na rangi, wanapiga gridi sakafuni na ukutani. Kila mraba una namba. Unachora kwa skeli ya 1:50 au 1:100, kutegemea mwamba una mambo mengi kiasi gani. Kila mstari unapewa mwelekeo na mwinamo, upana, kilichomo ndani, kama maji yanatoka, na kama upande mmoja umehama. Msichore sakafu mkasahau kuta. Sakafu inakuonyesha mpasuko umekwenda wapi, lakini ukuta ndio unaokuonyesha umepanda hadi tabaka gani, na tumeona Bodega jinsi jambo hilo lilivyo zito.

Vijana wa droni na vipima leza, nawaona mnatabasamu. Leteni vifaa vyenu. Picha zenu ni bora kuliko zangu, na hazina kivuli cha mtu. Lakini picha haishiki udongo ikauvuruga kati ya vidole. Tofauti ya mwamba uliooza kwa mvua na unga uliosagwa na mpasuko mara nyingi ni ya vidole, na kwa wazee wengine, mimi mmoja wao, ni ya ulimi. Mkono unapochora unalazimika kuamua: mstari huu unaendelea au unakoma? Kamera haiamui chochote, inabeba tu.

Halafu muda. Kuna miamba haikusubiri. Shale au mwamba wa tope ukiachwa juani siku chache unapukutika kama biskuti kwenye chai. Na ukuta mrefu lazima upuliziwe zege mapema usije ukawaangukia watu. Kwa hiyo huchori shimo zima siku ya mwisho. Unachora kwa vipande, kila hatua ya kushuka, ukuta ukiwa bado uko wazi, halafu unaunganisha vipande mezani. Mjiolojia anayekuja mara moja kwa wiki na gari safi amechelewa tangu wiki iliyopita.

Na si lazima pawe na mwamba. Huko Vogtle, Georgia, walichimba karibu mita 27 za mchanga mpaka wakakuta tabaka gumu la udongo wa chokaa, wakalichukua hilo kuwa tegemeo, kisha wakajaza upya kwa udongo walioushindilia wenyewe. Kwenye mchanga unatafuta vitu vingine. Unatafuta mishipa ya mchanga iliyofyatuka kwenda juu, kwa kuwa tetemeko la zamani likigeuza mchanga wenye maji kuwa uji, uji huo hutafuta pa kutokea na huacha alama. Charleston, kwenye jimbo jirani la South Carolina, ilipigwa na tetemeko mwaka 1886, na mashambani kuna alama za namna hiyo za matetemeko ya kale ambayo hakuna aliyeandika.

Sasa umepata mpasuko. Moyo unadunda. Swali linabaki moja: una umri gani? Mpasuko mzee sana ni kovu tu, haumchomi mtu. Unatafuta kitu kilichoukatiza bila kukatika. Mshipa wa madini uliopita juu yake mzima mzima. Tabaka la mchanga lililolala juu yake bila kuvunjika. Halafu unaulizia umri wa kile kitu. Kaboni ya mionzi inakufikisha kama miaka 50,000, nzuri kwa mkaa na konokono lakini haitoshi kwa kanuni ya miaka 500,000. Kuna njia ya kupima mara ya mwisho punje ya mchanga ilipoliona jua, na hii inakwenda mbali zaidi. Mimi mpaka leo naistaajabia. Punje hiyo imekaa gizani miaka laki moja, nawe unaikusanya usiku chini ya turubai jeusi, isije ikaliona jua tena kabla ya kufika maabara na ushahidi wote ukafutika.

Niende North Anna, Virginia, maana hapa fundisho ni la aina nyingine. Kampuni ya umeme ya huko ilikuwa inajenga vinu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mashimo yakaonyesha mpasuko. Ukachunguzwa, na hatimaye ikaamuliwa kwamba ni mzee sana, hautishi. Vinu viwili vikajengwa na vinafanya kazi. Hadithi ingeishia hapo. Lakini maombi ya leseni yalikuwa yamesema habari za mipasuko kwa namna isiyolingana na yaliyokuwa yanajulikana, na mdhibiti akaitoza kampuni faini ya dola 32,500 kwa kauli zisizo za kweli. Kampuni ikaenda mahakamani, na mwaka 1978 mahakama ya rufaa ikasimama na mdhibiti. Mpasuko haukuwa na kosa. Kilicholeta kesi ni kunyamaza. Na dola hizo, mkizitazama, hazitoshi hata mshahara wa wiki wa saiti kama ile. Kilichogharimu ni kwamba kwa miaka kila neno la kampuni kuhusu ardhi lilisomwa mara mbili.

Agosti 23, 2011, tetemeko la ukubwa wa 5.8 likatokea kilomita kama 18 kutoka pale. Kwa kiasi fulani mtikiso ulizidi ule vinu vilivyosanifiwa kuuhimili. Vinu vilijizima, havikupata madhara makubwa, na Novemba vikawashwa tena. Makasha makubwa ya kuhifadhi mafuta yaliyotumika, kila moja zaidi ya tani mia, mengi yake yalisogea juu ya sakafu yao, mengine kwa sentimita kama kumi na moja. Na mpasuko uliosababisha haukuwa ule wa shimoni. Ulikuwa mwingine, ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Nayasema haya ili msitoke hapa mkidhani kuchora shimo kunamaliza kila kitu. Kunakwambia kilicho chini ya jengo. Kilicho kilomita 18 kando ni kazi nyingine, ya watu wengine, na wao pia wanahitaji bajeti.

Lakini kesi ninayoipenda kuliko zote iko Japani, kwenye rasi ya Noto, kituo cha Shika. Kinu cha kwanza kilianza biashara mwaka 1993. Chini yake unapita mpasuko wanaouita S-1. Kabla ya kujenga, miaka ya 1980, walichimba mtaro wa uchunguzi kuukatiza, wakauchora, wakapiga picha, wakaamua hauna hatari. Kisha eneo la ule mtaro likachimbwa lote kwa ajili ya ujenzi. Mwamba ule haupo tena duniani. Umebaki mchoro.

Ikaja Machi 2011, ajali ya vinu vya Fukushima. Mwaka uliofuata wataalamu wakaombwa kuitazama upya michoro ya zamani. Wakauweka mezani ule wa S-1, na baadhi yao wakashtuka: hivi hii si picha ya kawaida kabisa ya mpasuko hai, unaoweza kusogea tena? Mwaka 2016 jopo la wataalamu likaandika kwamba kuufasiri hivyo ndiko kunakoingia akilini. Fikirini. Mtu alishuka mtaroni akiwa kijana, akachora mstari, akavunja kidogo ukingo wa tabaka upande mmoja kwa sababu ndivyo alivyoona, na miaka thelathini baadaye kinu kizima kinaning'inia kwenye ncha ya penseli yake. Hakuna anayeweza kurudi kuangalia. Wapo wanaosema ule ukingo ulikwanguliwa na maji tu. Wapo wanaosema ardhi ilisogea. Mchoro hausemi zaidi ya ulivyosema.

Kampuni ikalazimika kutafuta ushahidi mpya mahali pengine kwenye mpasuko uleule. Wakakuta mishipa ya madini ya udongo imeukatiza bila kuhamishwa, na madini hayo ni ya zamani mno, na mwaka 2023 mdhibiti akakubali kwamba S-1 hauko hai. Miaka kumi na moja ya ubishi. Mwezi Januari 2024, siku ya kwanza kabisa, Noto ikapigwa na tetemeko la 7.6, vinu vikiwa vimezimwa tangu 2011. Mjiolojia mwenzangu yeyote aliyeusikia mkasa huu aliniuliza swali lilelile nililojiuliza mimi: yule aliyechora, aliandika pembeni kwamba hapa nina shaka?

Tsuruga sitakaa sana. Novemba 2024 mdhibiti wa Japani alikataa rasmi kinu cha pili cha pale kuwashwa tena, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba hakuna mpasuko hai chini yake. Ilikuwa mara ya kwanza kukataa kinu kwa kanuni mpya. Katikati ya uchunguzi iligundulika kwamba maelezo ya michi ya visima yalikuwa yamebadilishwa kwenye nyaraka. Sisi watu wa ardhi tukibadilisha maelezo ya michi, tumebakiza nini cha kuuza?

Haya, na sisi? Sikuja kuwaambia kinu kijengwe au kisijengwe, mjadala huo una wenyewe. Kenya ilitaja Uyombo, Kilifi, na wananchi wa pale wakasema yao kwa sauti. Baadaye macho yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda imetaja Buyende. Misri wameshapita maneno: El Dabaa, zege la kwanza la kinu cha kwanza lilimwagwa Julai 20, 2022. Nasema tu kwamba popote litakapochimbwa shimo, kuna atakayetakiwa kushuka, na ningependa awe mmoja wenu.

Ninyi wa pwani mnajua tatizo la matumbawe kabla hamjasoma jiolojia. Mwamba wa matumbawe unakata mawe yake ukajenga nyumba, lakini maji yanaula kutoka ndani. Kule Kwale kuna kijiji kizima kinachoitwa Shimoni kwa sababu ya mapango yake. Kisima chako cha sentimita sita kinaweza kupita nusu mita kando ya pango lenye ukubwa wa basi kikakuletea mchi mzuri, mweupe, mzima. Kwenye shimo la matumbawe, mjiolojia anatafuta tupu kuliko anavyotafuta jiwe. Anagonga kwa nyundo na kusikiliza. Upande wa ziwa mambo yanageuka. Miamba ya Siaya ina zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, imeoza kwa kina, na ndani ya udongo mwekundu yamebaki majabali mazima ambayo kisima kikiyagusa kinadhani kimefika mwambani. Na Ghuba ya Winam yenyewe imekaa ndani ya tawi la Bonde la Ufa. Bukoba, ng'ambo ya ziwa, ilitikiswa na tetemeko la 5.9 Septemba 10, 2016. Subukia, mwaka 1928, ardhi ilichanika waziwazi kwa kilomita nyingi. Hatuna ruhusa ya kujifanya wageni.

Mwenyekiti amekohoa. Nimalizie na maombi, na nayaelekeza kwa watakaoandika mikataba kuliko kwa watakaochora.

Andikeni kwenye mkataba kwamba zege haliendi mahali popote pa msingi mpaka mjiolojia aweke saini kwamba ameona, amechora, na amemaliza. Muwe na siku zilizohesabiwa kwenye ratiba kwa kazi hiyo, zenye bei yake, maana kisicho na bei kwenye ratiba hufanywa saa nane na robo. Mjiolojia huyo asiwe chini ya yule anayelipwa bonasi ya kumaliza mapema. Mdhibiti awe na macho yake mwenyewe shimoni, asisubiri picha kwenye barua pepe. Na pampu ziwe mbili. Mnacheka, lakini pampu ziwe mbili.

Na kwenu mtakaochora: palipo na maji, chora mstari wa maji uandike maji. Palipo na kifusi, andika kifusi. Pale ulipokisia, chora kwa nukta, na pembeni uandike nilikisia, na kwa nini. Weka jina lako na saa. Mimi siku hizi kila karatasi yangu ina sehemu zimeachwa nyeupe na neno moja ndani yake: sikuona. Wahandisi wengine hawazipendi, wanasema zinachafua ripoti.

Lile daftari la bwawani nimekuja nalo, limo kwenye mkoba huu. Wakati wa chai njooni mlitazame, ukurasa una kikaratasi chekundu. Mtaona utepe unavyokuja kutoka kushoto, vizuri kabisa, na vipimo vyake, na mahali unapokatika. Asanteni.